Roboti inakosa kushika: kutafuta chanzo kuanzia mezani hadi kwenye modeli

Mwongozo huu unamhusu anayefanya utafiti wa roboti zinazojifunza kuona na kushika vitu. Mfumo wenyewe ni mkono wa viungo 6 au 7, kwa mfano UR5e au Franka, wenye kishikio cha vidole viwili, kamera moja au mbili za kina (zinazopima umbali wa kila pikseli), na modeli iliyofundishwa kwa rekodi za mwendeshaji, yaani mtu aliyeiongoza roboti kufanya kazi hiyo. Dalili kubwa ni ileile kila maabara: kikombe kipo hapa, vidole vinafunga pale. Visababishi ni vingi, na kwa nje vinafanana.

Mtafiti wa uzamivu hukimbilia kufundisha modeli upya kwa sababu modeli ndiyo tasnifu yake. Mara nyingi mchawi hayuko huko. Yuko kwenye jiometria, kwenye kina, kwenye muda, au kwenye namna data ilivyorekodiwa, na kufundisha upya kunaficha tu ushahidi. Anza chini, upande juu.

Jaribio la ncha: fanya hili kabla ya lolote

Kama mfumo wako unatafuta kitu kwenye picha, unakokotoa mahali kilipo kwa milimita, kisha unautuma mkono huko, jaribio hili ndilo litakalokuokolea muda kuliko mengine yote.

1. Funga kwenye kishikio pini ngumu yenye ncha kali. Pima urefu wake kwa kalipa na uuingize kwenye mipangilio ya ncha ya kazi, ile ambayo programu za roboti huiita TCP.
2. Bandika mezani alama ndogo 9, safu 3 kwa 3, zikienea eneo lote ambalo roboti inafanyia kazi.
3. Itafute kila alama kwa kamera, kokotoa mahali pake, kisha iamuru ncha isimame milimita 5 juu yake. Shusha polepole.
4. Andika kosa la kila alama kwa mwelekeo na ukubwa: kulia au kushoto, mbele au nyuma, juu au chini. Usiandike wastani peke yake.
5. Rudia alama ya katikati ukiwa umezungusha kifundo cha mkono nyuzi 180.

Sasa soma mchoro wa makosa.

Kosa ni lilelile kwenye alama zote 9, mwelekeo mmoja na ukubwa mmoja: umbali kati ya kamera na kitako cha roboti umekosewa, au TCP imekosewa. Hatua ya 5 inatenganisha hayo mawili. Kifundo kikizungushwa na ncha ikaangukia mahali pengine, TCP ndiyo yenye kosa, na kosa lake la pembeni ni nusu ya umbali kati ya pointi hizo mbili. Ncha ikibaki palepale na kosa ni la pembeni, tatizo ni kamera.

Kosa linakua kadiri unavyoelekea upande mmoja wa meza: mzunguko wa kamera umekosewa. Nyuzi 1 tu kwa umbali wa milimita 800 ni milimita 14, na kishikio cha Franka kikifunguka chote ni milimita 80. Kwa kikombe cha milimita 70 nafasi inayobaki kila upande ni milimita 5. Hapo hakuna modeli ya kushika itakayokuokoa.

Kosa linakua kutoka katikati ya picha kwenda pembeni, pande zote: vipimo vya lenzi vimekosewa. Kisababishi cha kawaida ni kutumia vipimo vya picha za 1280 kwa 720 huku programu ikipokea picha za 640 kwa 480.

Kosa linabadilika kila unaporudia alama ileile: si kalibresheni, yaani upimaji wa lenzi na wa mahali kamera ilipo. Nenda kwenye kina na muda, hapo chini.

Mchoro ni safi na makosa yote yako chini ya milimita 3: jiometria iko sawa. Usiiguse tena.

Kwa modeli inayopokea picha na kutoa vitendo moja kwa moja, bila milimita za kamera kuingia popote, jaribio hili halikuhusu sana. Kinachokuhusu ni kamera kubaki palepale ilipokuwa wakati wa kurekodi. Hifadhi picha moja ya meza tupu siku ya kurekodi, na kila asubuhi ilaze juu ya picha ya kamera ikiwa nusu-angavu. Kingo za meza zikiachana hata kwa pikseli chache, kaza skrubu za mlingoti na uirudishe kamera mahali pake.

Kalibresheni imefanyika, lakini inakosea

Tatizo la kutafuta uhusiano wa kamera na mkono lina historia ndefu. Suluhisho la Tsai na Lenz la mwaka 1989 bado limo ndani ya OpenCV, maktaba ya programu za kuchakata picha, pamoja na mengine manne. Kubadilisha jina la njia hakusaidii kitu kama mikao uliyokusanya ni dhaifu, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa.

Kosa la kwanza ni kuusogeza mkono bila kuuzungusha. Mwendo wa kunyooka tu hautoi taarifa yoyote ya umbali kati ya kamera na kifundo. La pili ni la kificho zaidi: kishikio kinatazama chini muda wote, na mtu anazungusha kifundo peke yake. Mihimili yote ya mzunguko inakuwa sambamba, kwa hiyo umbali ulio kwenye mhimili huo, yaani urefu wa juu na chini, haujulikani kabisa. Programu italeta namba na haitalalamika. Utaona kila alama ya mezani imepatikana vizuri kulia na kushoto, lakini vidole vinagonga meza au vinafunga hewani. Ukiona hivyo, tazama mikao yako kabla ya kutazama kamera.

Kusanya mikao 15 hadi 20. Inamisha kifundo nyuzi 30 au zaidi, na inamisha kwa mihimili mitatu, si mmoja. Kila mkao, simamisha mkono na usubiri sekunde moja mtetemo uishe ndipo upige picha. Bakiza mikao 5 ambayo huiingizi kwenye hesabu, uitumie kupima kosa.

Kosa la tatu ni karatasi. Ubao wa ChArUco, ule wa miraba na alama ambao kamera huutazama wakati wa kalibresheni, ukichapishwa kwa chaguo la kuufanya utoshee ukurasa, printa huupunguza. Mraba ulioandikwa milimita 30 unatoka milimita 29.1, na kamera inadhani ubao ulio milimita 700 uko takriban milimita 722. Vipimo vya lenzi vyenyewe haviharibiki kwa kosa hili, ndiyo maana kosa la pikseli litaonekana dogo na kukudanganya. Pima miraba kumi kwa pamoja kwa rula ya chuma, gawanya kwa kumi, na uandike namba hiyo. Bandika karatasi kwenye kioo au alumini, kadibodi inapinda.

La nne linawapata wanaofunga kamera kwenye mlingoti badala ya mkononi. Kazi ya calibrateHandEye ya OpenCV imeandikwa kwa kamera iliyoko mkononi. Kwa kamera ya mlingotini, ubao ndio unaofungwa kwenye kishikio, na mikao ya mkono lazima igeuzwe kinyume kabla ya kuiingiza. Usipoigeuza utapata jibu lenye kamera iliyo chini ya sakafu au nyuma ya ukuta. Lichore jibu kwenye skrini kila mara. Jicho linaliona kosa hili papo hapo.

Kina kina mashimo au chenga

Kamera za stereo kama RealSense D435 zinapima kina kwa kulinganisha picha mbili zilizoachana milimita 50. Kosa la kina linakua kwa mraba wa umbali: ukiisogeza kamera mara mbili mbali, kosa ni mara nne. Ukiifunga mita 1.2 juu ya meza ili ione yote, unalipia gharama hiyo kila mshiko. Ukiisogeza karibu mno nako kuna mpaka. D435 kwa picha za 1280 kwa 720 haioni kina chini ya takriban sentimita 28. Kwa kamera ya kifundoni, D405 imetengenezwa kwa umbali mfupi, kuanzia sentimita 7.

Pikseli isiyo na kina huandikwa 0. Hiyo 0 haina maana ya "karibu sana". Ina maana ya "sijui". Ukichukua wastani wa pikseli za kikombe bila kuondoa sifuri, kikombe kinaruka kuelekea kamera. Ondoa sifuri kwanza, kisha tumia namba ya katikati badala ya wastani.

Kingo za vitu zina pikseli zinazoelea kati ya kitu na meza, na hizo ndizo zinazofanya modeli ya kushika ione ukuta usiokuwepo. Punguza eneo la kitu kwa pikseli 2 au 3 kuzunguka kingo kabla ya kutoa pointi.

Glasi, chupa ya maji na sufuria inayong'aa ni habari nyingine. Mwanga wa infraredi unapenya glasi, kamera inapima meza iliyo nyuma, na mkono unashuka hadi mezani ukiamini hakuna kitu. Hakuna kichujio kitakachorudisha kina ambacho hakikupimwa. Watafiti wamefundisha modeli kukisia umbo la glasi kutokana na picha ya rangi, ClearGrasp ya mwaka 2020 ikiwa mfano unaojulikana. Kama glasi siyo mada ya utafiti wako, njia fupi ni kukitafuta kitu kwenye picha ya rangi, kukokotoa mahali mstari wa macho unapokutana na usawa wa meza, na kushika kwa urefu uliopimwa kwa mkono. Utepe usiong'aa kwenye kitu unafaa kwa kuthibitisha chanzo tu: ukiubandika na roboti ikashika, umejua ugonjwa.

Ona pia kama kompyuta inaitambua kamera kama USB 3. Kebo mbovu au ndefu inaishusha hadi USB 2 bila kelele. Picha zinakuja kwa ukubwa mdogo au kwa kusitasita, na mtu anailaumu modeli.

Inakosa ikienda haraka, inapata ikienda polepole

Huu ni muda. Picha ikichelewa milisekunde 100 na mkono ukienda mita 0.25 kwa sekunde, kamera ya kifundoni inakuwa imehama milimita 25 tangu picha ipigwe. Punguza kasi kwa nusu: kosa likipungua kwa nusu, umemaliza uchunguzi.

Dawa si kupunguza kasi milele. Tumia muhuri wa muda wa picha yenyewe, si muda ilipofika kwenye programu, kisha utafute mkono ulikuwa wapi wakati huo. Kompyuta mbili zikihusika, linganisha saa zao kwanza.

Vidole vinafika, kitu kinateleza

Nguvu ya kila kidole inapaswa kuwa angalau uzito kwa kilo mara jumla ya mvutano wa dunia (9.8) na mwongezeko wa kasi wa mkono, gawanya kwa mara mbili ya msuguano. Kopo la kilo 0.5, msuguano 0.4, mkono ukipandisha kwa mita 2 kwa sekunde mraba: 0.5 × (9.8 + 2) ÷ 0.8 ni takriban nyutoni 7.4, au 15 ukiweka mara mbili kwa usalama. Kishikio cha Robotiq 2F-85 kinaanzia nyutoni 20, kwa hiyo nguvu si tatizo. Kitu hicho kikiendelea kuteleza, tazama mpira wa vidole: vumbi, mafuta, au umelika upande mmoja. Futa kwa spiriti. Kikizunguka badala ya kuteleza, umekishika mbali na kitovu cha uzito. Nguvu zaidi itasaidia kidogo, kuhamisha mshiko kutasaidia sana.

Mkono unaoning'inia chini ya ulipoamriwa ni dalili ya uzito wa kishikio uliokosewa kwenye mipangilio. Katika udhibiti unaouacha mkono uwe laini, kosa ni nguvu gawanya kwa ugumu: gramu 500 zisizohesabiwa ni nyutoni 4.9, na kwa ugumu wa nyutoni 200 kwa mita mkono unashuka milimita 24.5. Hii inatokea baada ya mtu kuongeza kamera ya kifundoni na mabano yake bila kubadilisha uzito kwenye programu.

Modeli ni nzuri kwenye kompyuta, mbaya mezani

Kiwango cha kosa kwenye data ya majaribio kimeshuka vizuri, na roboti inatangatanga. Kwanza, kubali kwamba namba hiyo haitabiri mafanikio. Modeli inayoiga mtu inafanya kosa dogo, kosa linaifikisha mahali ambapo rekodi hazikufika, na hapo inakosea zaidi. Ross, Gordon na Bagnell waliliandika hili wazi mwaka 2011, wakapendekeza DAgger: iache modeli iendeshe, mtu asahihishe pale inapopotea, kisha masahihisho yaingie kwenye data. Bado ni dawa nzuri. Lakini kabla ya kuitumia, pitia ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza: chukua rekodi moja ya mwendeshaji, rudisha kitu mahali kilipokuwa, na ucheze vitendo vilivyorekodiwa bila modeli kabisa. Roboti ikishindwa kushika, modeli haina hatia. Vitendo vimerekodiwa vibaya, vimechelewa, au kidhibiti cha sasa si kile cha wakati wa kurekodi.

Ngazi ya pili: lisha modeli picha za rekodi hiyohiyo kupitia programu inayoendesha roboti, si ile ya mafunzo. Chora vitendo vinavyotoka juu ya vile vya mwendeshaji. Vikiachana, tofauti iko kwenye maandalizi ya picha au namba. Orodha ya washukiwa ni fupi. OpenCV inasoma rangi kwa mpangilio wa bluu, kijani, nyekundu, na maktaba nyingine kinyume chake. Picha imekatwa tofauti. Wastani wa kusawazisha namba umetoka kwenye seti nyingine ya data. Kwaternioni, yaani namba nne zinazoeleza mzunguko: programu za ROS na PyBullet zinaandika x, y, z, w, MuJoCo inaanza na w.

Mzunguko una mtego mwingine unaostahili kutazamwa kwa karibu. Kishikio kinapotazama chini, pembe ya kwanza ya mzunguko iko karibu na radiani 3.14. Mkono ukitikisika kidogo, namba inaruka hadi −3.14, ingawa kishikio hakijasogea. Fungua faili ya rekodi na uchore safu hiyo: utaona mistari wima ikipanda na kushuka. Modeli inayofundishwa hivyo inajifunza wastani wa 3.14 na −3.14, yaani sifuri, na siku ya majaribio kifundo kinajaribu kugeuka kutazama dari. Kwaternioni ina mtego wa namna hiyo, kwa kuwa q na −q ni mzunguko mmoja. Tumia uwakilishi wa namba 6 uliopendekezwa na Zhou na wenzake mwaka 2019, ambao hauna mruko.

Ngazi ya tatu: lisha modeli picha za sasa, kitu kikiwa mahali pa rekodi. Ikibadilika hapa tu, basi kinachotofautiana ni mandhari: mwanga, kamera iliyosogea, au kitu kipya mezani. Zima upimaji wa mwanga na rangi wa kujiendesha wenyewe. Kwa umeme wa hezi 50, kama wa Tanzania, Kenya, Oman na Ulaya, taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde, hivyo weka muda wa kupokea mwanga uwe kigawe cha milisekunde 10. Marekani ni hezi 60, na muda ni milisekunde 8.33.

Ikivuka ngazi zote tatu na bado inashindwa, sasa ni halali kuishuku modeli na data yake.

Roboti inasimama kabla ya kushika na haiendelei: mwendeshaji alikuwa anatua hapo kufikiri. Rekodi zina fremu nyingi zinazosema "baki hapohapo", na modeli imejifunza kubaki. Kata vituo vyenye mwendo wa karibu sifuri. Kuipa modeli historia ndefu ya mikao yake kunaweza kulizidisha tatizo, kwa sababu inajifunza kurudia kitendo kilichopita badala ya kutazama picha.

Roboti inashtukashtuka kwa vipindi vinavyolingana: ni maungio ya mafungu ya vitendo. Modeli ya ACT ya mwaka 2023 inatabiri fungu la vitendo 100 kwa kasi ya 50 kwa sekunde, na inachanganya utabiri wa mafungu yanayopishana ili kulainisha. Diffusion Policy ya mwaka huohuo hutabiri 16 na kutekeleza 8. Ukokotoaji ukichukua muda mrefu kuliko vitendo vilivyobaki, mkono unasubiri, kisha unaruka. Pima muda wa ukokotoaji. Kwa modeli za usambazaji kama Diffusion Policy, ambazo husafisha kitendo hatua kwa hatua, njia ya DDIM inaruhusu kufundisha kwa hatua 100 na kuendesha kwa 10. Kisha tupa vitendo vya mwanzo ambavyo muda wake umeshapita.

Mhimili mmoja unatetemeka kama wenye homa: huenda haukusogea kabisa kwenye rekodi. Kusawazisha kunagawanya kwa tofauti iliyo karibu na sifuri, na chenga kidogo inakuwa amri kubwa. Weka kiwango cha chini kwenye kigawanyo, au uondoe mhimili huo.

Kwa Franka, kusimama ghafla kwenye ujumbe wa communication_constraints_violation si suala la modeli. Mkono unataka amri mara 1000 kwa sekunde. Tumia kiini cha Linux cha PREEMPT_RT, kinachotekeleza kazi kwa wakati wake, kebo ya moja kwa moja bila Wi-Fi, na zima upunguzaji wa kasi ya prosesa. Modeli iendeshe kwenye uzi (thread) wake wa programu, kidhibiti kwenye uzi mwingine.

Je, marekebisho yamefanya kazi?

Mishiko 8 kati ya 10 haikuambii mengi: uwezo halisi unaweza kuwa popote kati ya asilimia 49 na 94, kwa uhakika wa asilimia 95. Ukipata 40 kati ya 50, upeo ni asilimia 67 hadi 89. Kwa hiyo kutoka 7 hadi 9 kati ya 10 baada ya kubadilisha kitu si ushahidi.

Chora mezani mahali pa kuanzia kwa kalamu, angalau 10, ukitaja pia kitu kinaelekea wapi. Endesha toleo la zamani na jipya kwa kupishana kwenye kila alama, siku moja, mwanga uleule. Badilisha jambo moja kwa wakati. Kwa kila jaribio lililoshindwa andika lilishindwa wapi: halikuona, halikufika, halikufunga, au liliangusha. Safu hiyo moja ndiyo itakayokuambia urudi kwenye sehemu gani ya mwongozo huu.